Shajara ya mradi: asidi juu ya fedha, na kilele cha 1400

Wiki ya 1, Jumatatu

Nianze na neno lenyewe, maana limeshanichosha. Nikisema napika fedha maabara, watu hucheka na kuniuliza ni noti au sarafu. Fedha ninayoishughulikia ni ile metali ya pete na bangili, ila yangu imo katika chembe zinazoelea majini (mchanganyiko huo huitwa koloidi), ndogo kiasi kwamba elfu moja kati yao zikipangwa mstari hazifiki sehemu ya kumi ya milimita.

Swali la mradi ni hili: asidi ya benzoiki ikinata kwenye uso wa fedha, inashikia wapi na inakaaje? Molekuli yake ina pete ya kaboni sita upande mmoja na kundi la kaboksili, yaani kaboni moja yenye oksijeni mbili na protoni inayoweza kung'oka, upande wa pili. Inaweza kusimama huku kaboksili imeing'ang'ania metali, au kulala bapa, pete ikiugusa uso. Tumeanza na hiyo kwa kuwa ni nyepesi kueleweka. Nyingine zitafuata.

Chombo chetu ni spektroskopia ya Raman. Ukimulika molekuli kwa leza, karibu mwanga wote unaotawanyika hutoka na rangi ileile ulioingia nayo. Sehemu ndogo mno hutoka imepungukiwa nishati, kwa sababu imeiachia molekuli mtetemo. C. V. Raman aliligundua hilo India mwaka 1928, na Tuzo ya Nobeli ikamfuata 1930. Upungufu huo tunaupima kwa sm⁻¹, yaani idadi ya mawimbi katika sentimita moja. Leo nimekaa na kikokotozi ili nijue hasa ninachokivizia: leza yetu ni ya nanomita 785, na mtetemo wa pete kupanuka na kusinyaa uko karibu na 1003 sm⁻¹, kwa hiyo mwanga unaobeba habari za pete utatoka ukiwa na nanomita 852. Hiyo 852 ndiyo windo langu.

Wiki ya 1, Alhamisi

Profesa amenipa historia nisome kabla ya kugusa kifaa. Mwaka 1974 Fleischmann, Hendra na McQuillan, wakiwa Southampton, walikwaruza elektrodi ya fedha kwa umeme, wakanatisha piridini juu yake, wakapata ishara kali ya Raman. Maelezo yao yalikuwa ya busara: uso ukikwaruzwa unapata eneo kubwa zaidi, molekuli nyingi zaidi zinapata pa kukaa, basi ishara inakua. Mwaka 1977 makundi mawili, Jeanmaire na Van Duyne Marekani, na Albrecht na Creighton Uingereza, wakapiga hesabu na kuona eneo peke yake halitoshi hata kidogo. Ishara ilikuwa imekua mara laki moja hadi milioni moja. Kilichokuwa kinafanya kazi ni elektroni za fedha kutikisika kwa pamoja zikipigwa na mwanga, zikijenga uga wa umeme mkali sana karibu na uso, hasa kwenye upenyo kati ya chembe mbili zilizokaribiana. Na ukuaji wenyewe unakwenda takriban kwa kipeo cha nne cha uga huo: uga ukiongezeka mara kumi, ishara inaongezeka mara elfu kumi.

Nilipomuuliza kwa nini ameanza na hadithi ya maelezo yaliyokuja kupinduliwa, alinijibu, "Kwa sababu yalikuwa mazuri." Nimeliandika hapa ingawa sijaona uzito wake bado.

Wiki ya 2, Jumanne

Nimepika. Njia ni ile ya Lee na Meisel ya mwaka 1982, kwa nusu ya kipimo: miligramu 45 za nitrati ya fedha ndani ya mililita 250 za maji, chemsha, kisha tone kwa tone mililita 5 za sitrati ya sodiamu ya asilimia moja, na iendelee kuchemka saa nzima huku kikorogeo cha sumaku kikizunguka.

Mara ya kwanza iliharibika kabla hata sijawasha jiko. Nilipomimina nitrati, maji yakawa na utusitusi mweupe kama yaliyosuuzwa chupa ya maziwa. Fundi wa maabara, mzee ambaye haongei sana, akaja akainua flaski akaitazama dhidi ya taa.

"Flaski umeisuuza kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya bomba, Mzee."

"Basi hii si koloidi, mwanangu. Ni kloraidi ya fedha, kloraidi imetoka kwenye maji ya bomba. Mwaga kwenye chupa ya taka, si kwenye sinki."

Mara ya pili nilisuuza kwa asidi ya nitriki, kisha kwa maji yaliyotoneshwa, mara tano. Nilisimama pale pale nikaangalia. Dakika za mwanzo hakuna kitu. Halafu maji yakaanza kuwa na umanjano kama mkojo wa mtu asiyekunywa maji, yakakolea, na mwisho yakatulia kwenye rangi ambayo siwezi kuipa jina moja: ukiitazama kwa kupitisha mwanga ni manjano ya kijani, ukiitazama kwa upande ni kijivu cha maziwa. Kipimo cha ufyonzaji wa mwanga kinaonyesha kilele karibu na nanomita 420, mahali panapotarajiwa.

Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Nitrati ya fedha ikikupata bila glavu haikuachi mpaka ngozi ijibadilishe.

Wiki ya 2, Ijumaa

Kusawazisha kifaa. Kipande cha silikoni kinatakiwa kitoe mstari wake kwenye 520.7 sm⁻¹, changu kikatoa 522.4. Asubuhi nzima imekwisha hapo. Kumbe chumba kilikuwa kimepoa usiku kucha na mimi nilianza kupima dakika chache baada ya kuwasha leza. Ukiisubiri saa moja inatulia. Nimebandika karatasi mlangoni.

Wiki ya 3, Jumatano

Spektra ya kwanza, yaani mchoro wa vilele, kila kilele na mtetemo wake! Nilichanganya koloidi na asidi ya benzoiki, nikatia chumvi kidogo ili chembe zishikane na kutengeneza zile penyo zenye uga mkali. Rangi iligeuka papo hapo kutoka manjano kwenda kijivu-kijani. Nikafunga chumba, nikawasha leza.

Kilele kidogo kwenye 1003, hicho ni cha pete. Kingine kidogo karibu na 1600, nacho ni cha pete. Na kimoja kikubwa, kipana, kinachowafunika wote, karibu na 1400. Hapo ndipo mahali pa kaboksili iliyopoteza protoni yake, oksijeni zote mbili zikinyooka na kusinyaa kwa pamoja. Ikiwa kilele cha kaboksili kimekua namna hiyo kuliko cha pete, maana yake kaboksili ndiyo iliyo karibu kabisa na fedha. Molekuli imesimama. Swali limejibiwa wiki ya tatu!

Nimemtumia Profesa picha ya skrini.

Wiki ya 4

Nimerudia mara sita. Kila mara kilele cha 1400 kipo, kikubwa, thabiti. Nimeanza kuandika rasimu ya sehemu ya matokeo. Sina zaidi ya hilo wiki hii, na ukiniuliza nilikuwa najisikiaje, nilikuwa najisikia vizuri mno.

Wiki ya 5, Jumatatu

Profesa hakuniambia kama ni sahihi au si sahihi. Aliniambia nipunguze asidi mara kumi, kisha mara kumi tena.

Nikafanya. Kwenye milimoli 1 kwa lita, vilele vyote vipo. Kwenye milimoli 0.1, kile cha 1003 kimepungua, kile cha 1600 kinaonekana kwa kubahatisha. Kwenye milimoli 0.01, cha 1003 hakipo. Na cha 1400? Hakikutikisika. Nimeziweka spektra tatu juu ya nyingine na pale 1400 zinalingana kama vile zimechorwa kwa kalamu moja.

Hapo nikasikia baridi tumboni. Asidi inapungua mara mia na kilele "chake" hakina habari.

Wiki ya 5, Jumanne

Sampuli tupu. Koloidi, chumvi, maji. Asidi ya benzoiki hakuna hata tone.

Kilele kipo. Pale pale, na urefu uleule.

Na si kilele cha ajabu, ni cha sitrati. Nimepika fedha kwa sitrati, sitrati imezivisha chembe zote ili zisigandane, na sitrati nayo ni asidi ya kikaboni, ina kaboksili tatu, mimi nimekuwa natafuta kaboksili. Wiki mbili nimekuwa nikipima kitu nilichokitia mwenyewe kwa mkono wangu kwa mililita 5. Kila nilichoeleza kuhusu benzoati (asidi ya benzoiki iliyopoteza protoni) kusimama wima kilikuwa ni habari za sitrati.

Nimefuta rasimu. Kilichonikera zaidi ni kwamba maelezo yangu yalikuwa mazuri, na nimelikumbuka jibu la Profesa. Sampuli tupu inachukua dakika kumi na tano. Sikuipima siku ya kwanza kwa sababu kilele nilichokitaka kilikuwa kimeshajitokeza.

Wiki ya 6

Nimeiacha sitrati. Kuna njia mbili za kuipata koloidi bila kaboksili ndani yake. Moja ni kutumia borohaidraidi ya sodiamu, maji yakiwa baridi ya barafu, njia ya Creighton na wenzake ya 1979. Inatoa manjano safi, lakini yangu iligeuka kijivu kesho yake asubuhi. Ya pili ni ya Leopold na Lendl ya 2003: haidroksilamini haidrokloraidi pamoja na haidroksaidi ya sodiamu, unatia nitrati ya fedha, joto la chumba, dakika chache imeiva. Nilishangaa. Baada ya kusimama saa nzima kwenye jiko kila nilipotaka koloidi, hii inakuwa tayari kabla sijamaliza kuvua glavu.

Nimepima tupu kwanza. Pale 1400 pamekuwa uwanda, hamna kitu. Nimeikuza skrini mara tatu ili nihakikishe.

Ila hakuna uso wa fedha ulio mtupu kweli. Jina la kemikali linasema lenyewe: haidrokloraidi. Kuna kloraidi ndani, nayo inaipenda fedha. Chini kabisa ya spektra, karibu na 240 sm⁻¹, umesimama mtetemo wa fedha na klorini. Nimebadilisha mpangaji mmoja kwa mwingine. Tofauti ni kwamba huyu wa sasa anaishi mbali na mahali ninapotazama.

Wiki ya 7, Jumatano

Benzoati kwenye koloidi mpya: dhaifu. Pete inaonekana kwenye 1003, na kwenye eneo la 1390 kuna kilele chembamba ambacho safari hii kinapungua pamoja na asidi. Nimekipenda kwa udogo wake.

Kwa nini dhaifu? Kwa sababu kloraidi imeshashika nafasi, na mimi mwenyewe nilikuwa naongeza kloraidi ya sodiamu ili chembe zishikane. Nilikuwa namkaribisha mgeni huku nikiwajaza wengine kwenye viti. Leo nimetumia nitrati badala yake, maana nitrati haina hamu kubwa na fedha, na nimetia asidi kwanza, nikasubiri dakika kumi, ndipo nikatia nitrati. Ishara imeongezeka karibu mara tatu. Nitrati inajitokeza kwa kilele chake karibu na 1047, ambacho kimenifaa: kiko palepale siku zote, kwa hiyo nakitumia kulinganisha spektra za leo na za jana.

Wiki ya 7, Ijumaa

Jaribio la pH. Asidi ya benzoiki ina pKa ya 4.2, yaani kwenye pH hiyo nusu ya molekuli zimepoteza protoni. Kwenye pH 6 karibu molekuli zote zimeshapoteza protoni. Kwenye pH 3 ni kama sita tu katika kila mia. Ikiwa kilele cha 1390 kweli ni cha benzoati iliyonata, basi pH ikishuka lazima kisinyae. Nilitumia asidi ya nitriki kushusha. Mwenzangu wa meza ya pili alinipa asidi ya haidrokloriki, nikamshukuru nikamrudishia, kisha nikamweleza habari ya kloraidi kwa dakika kumi ambazo nadhani hakuziomba.

pH 6: kipo. pH 5: kipo. pH 4: kimepungua. pH 3: kimezama, na pete ya 1003 imezama nacho. Hilo la pete ndilo lililonifurahisha. Kama molekuli ingekuwa imeshikiliwa na pete, kuifunga kaboksili kwa protoni kusingeiondoa yote kwenye uso. Imeondoka nzima nzima.

Sijamtumia mtu picha ya skrini.

Wiki ya 9, Alhamisi

Profesa alitaka tulinganishe na asidi inayoshika kwa nguvu, akachagua asidi ya 4-merkaptobenzoiki. Ni benzoiki ileile, ila upande wa pili wa pete ina salfa, na salfa ikiiona fedha haiulizi mara mbili. Kwenye unga mkavu kuna mtetemo wa salfa na haidrojeni karibu na 2565 sm⁻¹. Juu ya fedha haupo kabisa: salfa imeiacha haidrojeni na kuishika metali. Vilele viwili vikubwa, 1078 na 1587, viko wazi hata kwa asidi kidogo mno. Baada ya miezi miwili ya kuvizia benzoati dhaifu, ni kama kutoka kwenye mnong'ono ukaingia sokoni.

Na hapa kaboksili imebaki inatazama majini, mbali na metali. pH ikiwa juu inaonekana karibu na 1400, ikishushwa kinajitokeza kilele kingine karibu na 1700 cha kaboksili yenye protoni yake. Watu wengi huitumia hivyo, kama kipima pH kidogo kuliko chembe ya vumbi.

Wiki ya 9, Ijumaa

Leo nusura niingie shimo lilelile. Niliongeza nguvu ya leza ili spektra iwe safi zaidi, na kwenye asidi ya 4-merkaptobenzoiki kikaota kilele karibu na 1000, na kingine karibu na 1022. Wazo la kwanza: nimechafua sampuli kwa asidi ya benzoiki, mikono yangu, pipeti yangu, uzembe wangu.

Safari hii nilikwenda kwanza kwenye tupu. Tupu ni safi. Nikapima palepale mara kumi mfululizo: kilele kinakua kila mara. Nikahamisha leza sehemu mpya ya sampuli: hakipo, kisha kinaanza kukua tena.

Kwa hiyo si uchafu, ni leza. Pete yenye vitu viwili vinavyotazamana, salfa huku na kaboksili kule, haina ule mtetemo mkali wa karibu na 1000. Pete yenye kitu kimoja tu ndiyo inayo. Leza pamoja na fedha vimeikata kaboksili, na kilichobaki ni pete na salfa yake. Molekuli niliyoiweka asubuhi si ninayoipima mchana. Nimerudisha nguvu chini, nimeandika kiwango chake ndani ya jalada la daftari kwa wino mwekundu.

Wiki ya 11, Jumanne

Sasa swali la awali lenyewe: benzoati imesimama au imelala? pH imetuambia inashika kwa kaboksili. Haijatuambia imeinama kiasi gani.

Kanuni tunayoitumia inatokana na kazi ya Moskovits na Suh ya 1984. Uga karibu na metali unaelekea zaidi wima kutoka usoni, kwa hiyo mitetemo inayobadilika kufuata mwelekeo huo ndiyo inayokuzwa zaidi. Vifungo vya kaboni na haidrojeni vimo kwenye bapa la pete. Pete ikisimama, kunyooka kwa vifungo hivyo, karibu na 3060 sm⁻¹, kutaonekana. Pete ikilala, kutafifia.

Rahisi, ila nilitazama eneo la 3060 siku mbili nzima na sikuona kitu. Nilishaanza kuandika kwamba pete imelala. Kisha nikashika tena kile kikokotozi cha wiki ya kwanza. Leza ya 785, mtetemo wa 3060: mwanga unatoka ukiwa na nanomita 1033. Kigunduzi chetu ni cha silikoni, na silikoni huko ni karibu kipofu. Haikuwa pete iliyolala, ni jicho letu ambalo halifiki huko.

Wiki ya 11, Ijumaa

Tumehamia leza ya kijani, nanomita 532. Hapo 3060 inatoka kwenye nanomita 635 hivi, mahali ambapo kigunduzi kinaona vizuri. Lakini kijani kina karaha yake: dakika tatu tu na spektra nzima inamezwa na vilima viwili vipana, 1350 na 1580. Hiyo ni kaboni. Tunaiunguza asidi yetu wenyewe. Dawa niliyoipata ni ya kimaskini lakini inafanya kazi: nguvu ndogo, sekunde mbili mbili, na sampuli ikizungushwa taratibu ili leza isikae mahali pamoja.

Vipimo arobaini vya sekunde mbili, vimejumlishwa. Tupu kwanza, tambarare. Halafu benzoati kwenye pH 6. Kwenye 3062 kuna kilele kidogo, kimezidi kelele kama mara nne hivi. Kwa hiyo pete haijalala bapa. Imesimama wima au imeinama, hilo kilele kimoja hakiwezi kulisema, na sitaki kulisema kabla yake.

Jumatatu ni pH 3. Kilele cha 3062 kikizama pamoja na cha 1003, nitamtumia Profesa picha. Koloidi mpya nimeshaitengeneza, iko kabatini gizani, flaski imesuuzwa kwa nitriki.